Siku Kumi na Nne za Leseni

Jumatatu, 3 Machi
Leseni ya majaribio inakwisha leo. Siku kumi na nne nimelinganisha programu mbili za kuchora mbao za saketi, vile vibao vya kupitishia umeme ndani ya mashine: ya bure na ya kulipia. Jedwali langu lina safu thelathini na saba. Ubao wenyewe bado! Nina rasimu ya tarehe 20 Februari tu: fremu tupu, jina langu pembeni kwa herufi za kupendeza. Mama mdogo ameuliza ubao wa mashine yake ya kutotoa vifaranga umefikia wapi. Nikamweleza kuhusu safu. Akasema mchagua jembe si mkulima. Hanielewi.

Jumanne, 4 Machi
Programu imejifunga. Ile ya bure ipo, lakini ndiyo anayotumia Bibi Bure wa kilabu chetu cha elektroniki (jina nimempa mimi). Ameniambia, dada, umeme haujui leseni. Akajitolea kunifundisha. Afadhali nilehemu kwa ulimi.

Jumatano, 5 Machi
Ufunuo! Nimerudisha kalenda ya kompyuta hadi 19 Februari. Programu imeamini! Nimechora kutwa, sijala. Nimeuchapa ubao kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, nikapanga vifaa juu yake: kila mguu kwenye tundu lake. Nimezunguka chumba mara arobaini. Siwezi kukaa.

Alhamisi, 6 Machi
Kilabu hupeleka kazi kiwandani mara moja kila miezi mitatu. Nimemkabidhi katibu, fundi redio, fleshi yangu. Akaona mafaili mawili, akauliza achukue lipi. La karibuni zaidi, nikamjibu kwa madaha, ni lipi tena? Mama mdogo ameagiza mayai sitini. Yanafika Jumatano.

Jumatano, 12 Machi
Mbao zimerudi. Wangu ni mstatili mtupu wenye jina langu! Katibu ameapa alichukua la karibuni: moja la tarehe 20 Februari, jingine la 19. Sikuweza kueleza bila kukiri ya kalenda. Mama mdogo, aliyekuja kilabuni kuuchukua, aliugeuza mbele na nyuma, akauliza umeme utapita wapi, kwenye jina? Bibi Bure akamwambia asihofu, mama, mayai hayataharibika. Akauchora upya kwa programu yake ya bure, akauchonga kwa dawa ya kula shaba ndani ya beseni. Kufikia jioni mashine ilikuwa na joto. Mama mdogo amemwita “mwanangu”. Mara mbili!

Alhamisi, 13 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kuichezea kalenda hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa mwelekeo! Leo nimeisogeza mwaka mzima mbele. Faili langu halitapitwa na la mtu yeyote. Programu inasema leseni yangu ilikwisha zamani sana. Haina adabu. Kesho naazima kompyuta ya mama mdogo: ina siku zake kumi na nne.