Kawa Nisiyoifunua

Leo nimefedheheka. Nimefedheheka mchana kweupe, mbele ya kamati ya Serikali, mbele ya wanawake wa mitaa mitatu, na mbele ya mke wangu. Kamba iliyonifunga niliisokota mwenyewe, tena kwa ufasaha. Nawaandikia kutoka duka la intaneti hapa Darajani, kwa sababu bado sijapata ujasiri wa kuingia nyumbani. (Nitaingia. Lakini kwanza niimalize saa niliyoilipia.) Nyinyi wenzangu wa darasa moja mlioko Maskati, Dubai na Toronto, ambao kila Ijumaa nawatumia nasaha, leo nasaha hakuna. Leo ni ungamo.

Nianze na asubuhi, maana hapo ndipo penye shina.

Kwa muda wa miaka minne sasa, kila nitokapo nyumbani asubuhi, mke wangu Bi Rahma hunipa sinia iliyofunikwa kawa, ile ya ukili mwekundu na kijani aliyosukiwa na mama yake Makunduchi. "Mpelekee Khamis," husema. Khamis ni nduguye wa kunyonya, na ana mgahawa hapa Darajani. Mara ya kwanza niliambiwa kwamba mkewe amekwenda Pemba kumuuguza mzazi wake, hana wa kumpikia. Mke wa Khamis alirudi baada ya mwezi mmoja. Sinia haikukoma. Nikasema moyoni: tazama jinsi mapenzi ya ndugu yasivyokatika!

Mimi huipitisha mlango wa nyuma, humkabidhi Khamis mkononi, kisha hushika njia ya skuli. Mgahawani siketi, mtu mzima mwenye heshima zake hali chakula njiani. Wala kawa sijapata kuifunua hata siku moja. Nililelewa kwamba kuchungulia chakula cha mwenzio ni utovu wa adabu. (Sinia ni nzito, naam. Iliponiuma mabega nilimwombea Khamis siha njema kwa kula kwake.)

Naye Khamis hakuwa mtu wa kupokea tu. Adhuhuri nikirudi, sinia hunisubiri na kitu ndani, ambacho Khamis hunitajia mwenyewe: kipolo (kigunia kidogo) cha unga wa mchele, sukari, kopo la samli. Mtaikumbuka ile nasaha yangu ndefu ya "Sahani ya Jirani Hairudi Tupu", ambayo baadhi yenu mliisambaza hadi misikitini. Mfano niliokuwa nao akilini ni Khamis. Tafadhalini, ifuteni.

Sasa, hapa kwetu Serikali kila baada ya miaka kadhaa huzichukua kanuni zake, ikazisoma upya moja moja, na kujiuliza: hii bado ina faida? Je, haimwonei mfanyabiashara mdogo? Tangazo la kikao lilibandikwa kwa Sheha wa mtaa wetu: mwenye maoni juu ya kanuni za biashara ya chakula afike Jumamosi, ukumbini Kikwajuni. Mimi nilikuwa na maoni. Nilikuwa na maoni ya kurasa kumi na moja.

Asubuhi ya leo Bi Rahma aliziona zile karatasi.

"Baba Salma, unakwenda kusema?"

"Nnakwenda kusema haki."

"Basi sema kidogo."

"Haki haisemwi kidogo, Rahma."

Akaibonyeza kawa vizuri juu ya sinia. "Haya. Ukishaifikisha hii, kaseme."

Nikaifikisha. (Jumamosi pia huipeleka. Undugu hauna mapumziko.) Kisha nikenda Kikwajuni na kanzu yangu nyeupe, kofia ya vito, na mwavuli wangu mweusi ambao sitoki bila yake, mvua ipo au haipo.

Ukumbi ulijaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma wamejipanga mabuibui matupu, nami sikugeuka kutazama nani na nani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bi Mwanaidi, mwanamke mpole mwenye miwani. Alikisoma kifungu chenyewe: apikaye chakula cha kuuza sharti awe na jiko lenye milango miwili, mmoja wa kuingizia vibichi na mmoja wa kutolea vilivyoiva. Asiyekuwa na jiko la namna hiyo amevunja kanuni. Na pamoja naye amevunja auzaye, na amevunja achukuaye. Kamati, alisema, inafikiria kukilegeza. Jiko la nyumbani likaguliwe maji na usafi tu, milango iachwe. Na achukuaye aondolewe kabisa.

Akasimama Bi Time wa Chukwani, mpika achari.

"Mie jiko langu lina mlango mmoja, na huo wenyewe haufungi. Wa pili niutoboe wapi? Nyuma ya jiko ni chumba cha mama mkwe. Achari yangu ipite kitandani kwake?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliomba nafasi, nikapewa, na ninasikitika kuwaambia kwamba nilisema vizuri sana.

Nilisema kwamba kanuni ni ukuta, na ukuta hautolewi jiwe kwa kuwa mtu mmoja ameshindwa kuuruka. Nilisema mji uliojengwa kwa mawe na chokaa haukujengwa kwa huruma. Nilimgeukia Bi Time nikamwambia kwamba asiye na mlango wa pili atafute kazi ya mlango mmoja. (Maneno hayo niliyapenda sana nilipoyaandika jana. Niliyasoma mara mbili.) Kisha nikafika kwa achukuaye.

"Huyu," nilisema, nikiunyanyua mwavuli, "kamati inataka kumwachia! Mpishi labda ana njaa. Muuzaji labda ana watoto. Lakini achukuaye ana udhuru gani? Yeye ndiye daraja la uvunjaji wote. Abaki kwenye kanuni, tena atajwe wa kwanza!"

Karani akaandika. Bi Mwanaidi akatikisa kichwa taratibu, akamwita Bwana Haji, ofisa wa afya, kijana mwenye daftari, atoe mfano wa hali ilivyo.

Haji akasoma kwa sauti ya mtu asomaye ratiba. "Mgahawa mmoja Darajani. Jiko lake lina mlango mmoja. Vitumbua na sambusa havipikwi hapo. Huletwa kila siku asubuhi kupitia mlango wa nyuma, kiasi cha vitumbua sitini na sambusa arubaini. Mletaji ni mwanamume wa makamo."

"Mwaona!" nikasema.

"Huvaa kanzu nyeupe na kofia ya vito."

"Tena amejivika uchaji!" nikasema.

Nyuma kwa wanawake pakasikika kitu kama kikohozi. Haji akafunua ukurasa. "Hubeba mwavuli mweusi hata pasipo dalili ya mvua."

Kikohozi kikawa vikohozi. Mimi, nikidhani wanamcheka mhalifu, niligonga sakafu kwa huo mwavuli, tuk, tuk, kama nifanyavyo darasani. "Kimya! Hili si jambo la kuchekesha! Miaka mingapi mtu huyu ameachwa akipita na haramu yake mbele ya macho yetu?"

"Kama minne," akasema Haji.

"Miaka minne! Mwenyekiti, naomba mtu huyo atajwe jina. Hapa hapa. Asionewe haya!"

Wallahi, hata hapo sikuona. Mimi nisomaye vitabu vya kurasa mia sita, nikaandika maelezo pembeni kwa wino wa rangi mbili, sikuuona mwavuli uliokuwa mkononi mwangu.

Bi Mwanaidi alivua miwani akaifuta. "Mwenye mgahawa tumemwita, yupo. Bwana Khamis, huyo mletaji unamjua?"

Khamis? Nikageuka. Khamis wetu alikuwa ameketi safu ya tatu, anatazama feni ya darini kama mtu anayengoja imshushie jibu.

"Namjua," akasema.

"Ni nani?"

"Bi Mwenyekiti, mie nna familia."

"Mtaje tu. Mwalimu ameshaomba."

Khamis akaniangalia kwa huruma ambayo sitaisahau. "Shemegi," aliniambia, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "kwani wewe siku zote ulidhani vitumbua sitini nnavila mimi?"

Ukumbi ukapasuka. Bi Time wa Chukwani alimwegemea jirani yake akipigapiga paja. Haji, maskini, alinitazama juu mpaka chini, akalitazama daftari, akanitazama tena, akalifunga. Nilisikia joto likipanda kutoka visiginoni. Nilitaka kuketi, nikakuta kiti kimesogea, au mimi ndiye niliyesogea; nikakaa nusu juu ya kiti, nusu juu ya mwavuli, nao ukafunguka. Ndiyo. Ndani ya ukumbi. Pwaa!

Nilipoufunga (haukufungika mara ya kwanza, wala ya pili), mwanamke mmoja alikuwa amesimama kule nyuma. Sikuhitaji aseme. Namna ile ya kusimama naijua kwa miaka ishirini na sita.

"Mpishi ni mie," alisema Bi Rahma. "Jiko langu liko ghorofa ya pili, nyumba ya mawe, mlango mmoja. Maji nachemsha, mafuta sirudii, na huyo bwana wa afya aje aonje. Chakula hicho ndicho kilichomsomesha Salma wetu hadi akamaliza. Kama kifungu kinabaki, mie nazima moto leo, na wenzangu hawa wanazima. Nilikuja kusema hivyo tu, lakini nimetanguliwa."

"Bwana Mwalimu hakujua?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Nilianza kumwambia mara tatu. Kila nikisema 'biashara', hunipa hotuba ya biashara. Ya tatu nilisinzia. Nikaona nimpe sinia, ataielewa siku atakayoifunua."

Vicheko tena. Lakini mimi sikuvisikia vizuri. Nilikuwa nikihesabu. Salma amesoma miaka mitatu Bara. Mimi nilidhani ni mshahara wangu wa ualimu, na nilikwisha kuandika nasaha juu ya hilo pia, "Baraka ya Kidogo cha Halali". Watu husema funika kombe mwanaharamu apite. Kombe lilifunikwa miaka minne, ili nipite mimi.

Bi Mwanaidi akanigeukia. Hakuwa na kejeli, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mwalimu, maoni yako karani ameyaandika. Ni mazito, na kamati itayazingatia. Yabaki?"

Nikasimama. Kurasa kumi na moja zilikuwa mkononi. Nilijua nikisema yabaki, moto wa nyumba yangu unazimwa kwa ulimi wangu, na wa Bi Time, na wa wale wote waliokuwa nyuma ambao sikuwa nimejisumbua kuwatazama. Nikisema yafutwe, nimekuwa mtu wa haki kwa wengine na huruma kwa nafsi yangu. Nilitafuta maneno yangu mazuri. Kisha nikazikunja zile karatasi.

"Yafutwe," nikasema.

"Yote?"

"Yote. Sikuwa najua jiko ni nini. Niliijua milango yake tu." Kisha, kwa kuwa ulimi wangu hauachi tabia yake, nikaongeza: "Ila niandikeni mimi. Achukuaye. Kifungu bado ni kanuni mpaka kibadilishwe, na nimeomba atajwe wa kwanza."

Karani akamtazama Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi akamtazama Haji. Haji akasema, "Mie daftari langu nishalifunga."

Nikamgeukia Bi Time, nikamwomba radhi. Akanijibu, "Nshakusamehe, Mwalimu. Ila ukichoka na sambusa, na achari yangu nayo inatafuta mbebaji."

Kifungu kimepelekwa kuandikwa upya; jibu litatolewa wiki ijayo. Bi Mwanaidi aliniambia mlangoni kwamba katika vikao vyote vya mapitio hajapata kuona athari ya kanuni kwa biashara ndogo ikielezwa wazi kama leo. Nadhani ni sifa. Sijaiuliza.

Nje Khamis alinikabidhi sinia ya asubuhi, akisema ndani mna kipolo cha unga. Bi Rahma alikwisha kutangulia na wenzake. Akageuka mara moja, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Baba Salma, unga huo usiumwage. Ndo vitumbua vya kesho."

Nikaibeba Darajani nzima, mchana, kila muuza samaki akinisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida. Mmoja aliniuliza kama napokea oda. Hapa ninapoandika, sinia iko magotini, kawa iko juu yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne nimeifunua. Chini ya kipolo cha unga mlikuwa na kitumbua kimoja kilichobaki, na juu yake karatasi ya mwandiko wa mke wangu, ya asubuhi ya leo: *Hiki chako. Kila siku huwemo.*

Miaka minne, jamaa zangu. Khamis ndiye aliyekuwa akinilia.

Sasa naomba msicheke. Na atakayeshindwa, basi afuate kanuni: cheko liingie kwa mlango mmoja, na kabla halijafika Zanzibar, litokee wa pili.