Nyumba Isiyomhesabu Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Nimeweza! Nyaya mbili tu, kutoka kwenye king'ora cha wezi hadi kwenye kisanduku kinachoendesha taa na milango. Sasa simu yangu na ya mke wangu zikitoka nyumbani, nyumba inajua hakuna mtu. Taa zinazimika, mlango unajifunga, macho ya ukutani yanaamka, na yakiona kitu kinatembea ndani, king'ora kinalia. Nimejipongeza mwenyewe, maana mke wangu alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi.

Mama mkwe amefika jioni. Jumapili ataamua ahamie kwetu au kwa mwanyumba wangu, yule fundi umeme aliyemwoa dada wa mke wangu. Mke wangu anamtaka mama yake mpaka hali chakula vizuri. Mimi pia namtaka, na namtaka mwanyumba ashindwe. Mlangoni kwake ana kufuli tu, maskini.

Jumanne, 4 Juni
Saa nne asubuhi, king'ora! Nimetoka kazini mbio, kamba za kiatu zinaburuta. Majirani wamejaa getini. Mama mkwe kasimama katikati ya sebule, ufagio mkononi, hatikisiki. Ameniuliza nyumba inawajuaje watu. Nikasema kwa simu zao. Akasema yeye hana simu, kwa hiyo yeye si mtu? Swali zuri mno! Miaka thelathini ya ukarani wa masjala si mchezo.

Mke wangu amepakua chakula chake na cha mama yake tu.

Jumatano, 5 Juni
Nimempa mama mkwe simu yangu ya zamani, nikamvika shingoni kwa utepe. Amekubali bila kunung'unika, mama wa watu. Saa sita chaji ikaisha akiwa uani anaanika nguo. Nyumba ikaona hayupo, ikajifunga. Amekaa saa mbili juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nimeona aibu, nakiri. Lakini king'ora hakikulia, yaani mfumo umefanya kazi yake barabara. Nimemwambia mke wangu hivyo. Sasa hasemi nami kabisa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeondoka na ile simu niichaji vizuri ofisini. Mchana ndipo nikakumbuka. Mungu wangu! Nimekimbia nyumbani. Kimya. Nikachungulia dirishani: mama mkwe anavuka sebule na sahani ya maharage, hatua moja kwa pumzi tatu. Amegundua kwamba jicho la ukutani halimwoni mtu anayekwenda taratibu sana! Kutoka chumbani hadi jikoni, nusu saa. Amepika, amepakua, na maharage yameiva laini. Nimepiga makofi peke yangu uani. Sijawahi kumheshimu mtu namna hii.

Ijumaa, 7 Juni
Mke wangu amemwita mwanyumba. Dakika kumi! Swichi moja ya kawaida karibu na mlango: chini kuna mtu, juu hakuna. Tumeziacha simu zetu nje ya geti, mama mkwe akaibonyeza, akatembea sebuleni kwa maringo. Kimya. Kazi safi, waya hauonekani hata kidogo. Nimemchukia kwa dakika tano, kisha nikamwomba anionyeshe alivyoupitisha.

Jumapili, 9 Juni
Kikao. Mwanyumba tabasamu hadi masikioni. Mama mkwe akasema kwa mwanyumba kila kitu kinafanya kazi, huko atakaa kama pambo. Hapa anahitajika: asipokuwepo, iko siku mkwewe huyu atamfungia binti yake nje. Anabaki! Mke wangu amelia, akamkumbatia mama yake, halafu mimi. Machozi yamenitoka na mimi.

Kwa hiyo mfumo wangu umeshinda. Walipotoka kumsindikiza mwanyumba, nimeing'oa ile swichi. Nyumba yenye akili haiwezi kungoja kidole cha mtu. Nimetandika mkeka unaopima uzito mlangoni, utamjua kila mtu kwa kilo zake. Mama mkwe alikataa kunitajia zake. Nimekadiria.

Nawasikia wanarudi, nachungulia dirishani. Mama mkwe amepitia dukani, amebeba mfuko wa viazi. Kilo tano tu. Haziwezi kuleta shida.