Mtani wa Kujipachika

Simu ya Ramson ilifariki ndani ya ndoo ya ulanzi, pombe ya mianzi, mahali ambapo watu wengi wa Mfaranyaki, hapa Songea, wameshapotezea vitu vya thamani, ila si kwa namna ile. Aliinama kuchota, simu ikachomoka kwenye mfuko wa shati, ikazama bila kuaga. Kila aliyekuwepo kilabuni alimshauri aifukie kwenye mchele. Akaifukia. Kesho yake njaa ikamshinda, akaupika ule mchele, na matibabu yakaishia hapo.

Usilione ni jambo dogo. Kuna watu wana shamba, wengine wana duka, wengine wana vyeti. Ramson alikuwa na simu. Humo mlikuwa na picha za viwanja visivyo vyake, magari yasiyouzwa na ng'ombe ambao hata yeye hakujua wako mkoa gani. Mdomo ulieleza, simu ikathibitisha. Sasa mdomo ulibaki mjane. Sisi majirani tulimpa pole kwa nyuso za huzuni, hasa sisi tuliowahi kununua kwake kiwanja kilekile, kila mtu kwa siku yake. Na bado tukikutana naye tunamsalimia vizuri, maana mjanja wa mjini yuko radhi kupoteza kiwanja kuliko kukiri kwamba kapigwa.

Asubuhi moja alikuwa ameketi kwenye benchi la Beda, fundi simu wa Majengo, akimsubiri arudi kutoka kunywa chai ili amuulize tena kama maiti hufufuka. Hapo akaja Mzee Polikarp, mkulima wa tumbaku kutoka vijiji vya Namtumbo. Mkononi alikuwa na simu mpya, ya kutelezesha, ambayo hata nailoni ya kiooni ilikuwa haijabanduliwa. Mzee akaketi, akakigonga kioo kwa kidole. Kimya. Akagonga tena, kama anayebisha hodi kwa jirani kiziwi.

Ramson alikitazama kile kidole. Kilikuwa kimeota sugu za jembe, kimekolea gundi ya tumbaku, na kioo hakikuwa na habari nacho. Kisha akaitazama simu. Mate yakamjaa kinywani.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi?”

“Fundi ametoka. Mimi ndiye niliyemfundisha.”

“Basi niangalizie. Hii simu mbovu. Mke wangu akiigusa inafunguka. Mimi nikiigusa inaniangalia tu.”

“Si mbovu, baba. Haijafundishwa.”

“Simu nayo inafundishwa?”

“Kwani ng'ombe wa kulimia anazaliwa analijua jembe?”

“Hapana. Anafundishwa, tena kwa fimbo.”

“Umemaliza mwenyewe. Hii imetoka kiwandani inajua vidole vya watu wa ofisini tu. Inatakiwa mtu akae nayo aizoeshe vidole vya kazi. Nitakuletea mwenyewe kijijini, ikiwa na adabu zake.”

Mzee Polikarp aliivutia simu kifuani. Mtu aliyevumilia msimu mzima wa tumbaku hatoi kitu haraka. “Na wewe ni mtu wa wapi?”

Ramson alizaliwa Ruhuwiko. Baba Mngoni, mama Mngoni, hata jogoo wa kwao aliwika Kingoni. Lakini kwake kabila lilikuwa kama koti, unavaa kulingana na baridi ya mteja. Akakumbuka kwamba Wangoni, kama huyu mzee, na Wahehe ni watani tangu mababu walipochoka kupigana, na kwamba mtani akichukua kitu chako, ukimwita mwizi wewe ndiye unayeonekana mshamba.

“Mimi Mhehe, baba. Iringa kabisa.”

Uso wa mzee ukachanua. “Mhehe! Masikini mimi, na mbwa wangu nimemwacha peke yake nyumbani!”

“Mfiche mapema, maana leo sijala. Lakini na ninyi! Mmetimua mbio kutoka kwa Wazulu, miguu ikachoka mkiwa hapa Songea, leo mnasema mlikuja kuteka nchi.”

Mzee alicheka mpaka akatafuta leso. Alipomaliza kujifuta macho, aliinyoosha simu kwa mikono miwili. “Chukua, mtani. Kaifundishe.” Akaondoka mikono mitupu, huku mabega bado yanatikisika.

Ramson hakuamini. Alizunguka Majengo yote akijipiga picha mbele ya kila gari zuri lililoegeshwa. Alitembea polepole, akisimama katikati ya njia kujibu ujumbe ambao hakuna aliyemtumia. Alijiona amerudi duniani. Kilichobaki kilikuwa kuchomoa laini ya mzee na kuitupa mtaroni, na ndicho alichokuwa akijiandaa kufanya simu ilipoita.

“Mtani wetu?” Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. “Mimi Mama Kasiana, mke wa Mzee Polikarp. Huku tuna msiba. Shangazi yake mzee, Bibi Anjelika, ametutoka. Kazeeka, kala chumvi nyingi, hatulii sana. Ila watani wetu wa zamani walishahama, na msiba wa mtu mkubwa usio na mtani si msiba, ni mkutano. Njoo. Tena uje na mfuko mkubwa. Watu wamelipwa tumbaku, kila mmoja ana simu kama hiyo, na unajua mtani akinyakua msibani, kanyakua. Hakuna wa kumuuliza.”

Mtu mwenye akili angeitupa laini palepale. Lakini tamaa ikiingia ndani, akili hupisha na kwenda kukaa uani. Ramson alisikia neno moja tu: kunyakua. Maisha yake yote alikuwa ameiba kwa jasho, kwa kukonda, kwa kuhama nyumba. Leo anaitwa akaibe kwa heshima, tena atapikiwa! Akakopa nauli, akasafiri akiwa na mfuko wa kubebea mahindi.

Na lazima tumpe haki yake: msibani alifanya kazi. Alimnyakua kuku wa wapishi akatangaza kuwa ndiye mrithi. Alimvua mwenyekiti wa kijiji kofia, akaivaa, akaanza kuhutubia kwa sauti yake. Alichukua viatu vya katekista na kuvipiga mnada. Waliolia walicheka, waliocheka wakalia kwa kicheko. Wengine walikomboa vitu vyao kwa vijisenti. Ramson, ambaye hajawahi kupigiwa makofi na mtu yeyote aliyemwibia, alifurahi kwelikweli. Kuna wakati alisahau kilichompeleka.

Kisha akakumbuka. Makaburini, jeneza likiwa pembeni na katekista amefungua kitabu akiwa pekupeku, Ramson alirukia kaburini na mfuko wake wa ngawira, akalala chali, akakunja mikono kifuani. Watani wa kweli hufanya hivyo, hawatoki mpaka wapewe chochote.

“Nafasi imejaa!” sauti ikatoka chini. “Sitoki mpaka niletewe simu tatu. Za kutelezesha!”

Umati ukaangua kicheko. Mama Kasiana akasogea ukingoni, kashika kiuno.

“Mtani, umelala vizuri?”

“Vizuri sana, mama. Huku kuna ubaridi mzuri.”

“Hubanwi?”

“Sibanwi.”

“Haya, mapenzi ya Mungu.” Akawageukia vijana. “Rudishieni udongo. Bibi tutamchimbia kwingine, huyu kawahi. Katekista, muombee na huyu.”

Koleo la kwanza likatua miguuni. Ramson akacheka. La pili likatua tumboni, akacheka kidogo. Akina mama wakaanza wimbo wa kumuaga marehemu, kwa sauti tatu, wala hakuna aliyetabasamu. Akasimama. Kaburi lilimzidi kimo, na kila aliposhika ukingo udongo ulimporomokea machoni.

“Mama, utani umetosha!”

“Tangu lini utani ukatosha? Mtani akiingia kaburini mwenyewe, kutoka analipa. Lipa.”

Kuku akarushwa juu, akakimbia bila kushukuru mtu. Kofia ikafuata, kisha viatu.

“Bado,” akasema Mama Kasiana.

Vijisenti vyote vikafuata. Koleo jingine likashuka, bonge la udongo likampiga kwenye paji la uso, na hapo Ramson akapaza sauti kumwita mama yake. Alimwita kwa Kingoni, kile cha mtu aliyenyonya nacho, akasindikiza na tusi moja ambalo Iringa hawalijui.

Makoleo yakasimama. Mzee Polikarp akainama taratibu. “Mhehe huyu, kujifunza kulia kama sisi amejifunza lini?”

Ramson aliitoa simu kifuani, nailoni yake ikiwa bado kiooni, akaiinua kwa mikono miwili. “Baba, nisamehe. Mimi mtoto wa Ruhuwiko. Mimi Mngoni, ukoo wa Ngonyani.”

Walimvuta juu. Alitoka kwa kupiga magoti, macho kafumba, akisubiri kipigo, maana alijua mwizi aliyeshikwa mbele ya umati huwa hasimulii. Kipigo hakikuja. Alipofumbua macho, mzee alikuwa anaipangusa simu kwa shati lake.

“Siku ile sijafika mbali nikakutana na Beda anarudi,” Mzee Polikarp akasema. “Akaniambia hakuna simu inayofundishwa. Nikataka kukutafuta na vijana. Mama huyu nikampigia kwa simu ya Beda, akanikataza. Akaniambia, mwizi ukimwambia arudishe, anakimbia. Mwambie aje achukue zaidi, atakuja kwa nauli yake.”

Msiba mzima ulicheka, na Ramson, udongo masikioni, akajikuta anacheka nao. Alijicheka yeye: mtu wa mjini, bingwa wa Mfaranyaki, kajikopea nauli kuja kujizika. Angekuwa mteja wake mwenyewe, angejiuzia hata kiwanja.

“Sasa sikia,” mzee akamkatiza. “Mtani huondoka. Ndugu hubaki. Shika koleo.”

Akamfukia Bibi Anjelika kwa mikono yake, malengelenge yakamtoka. Akabaki mpaka matanga yalipoanuliwa, akipasua kuni na kulala mkekani na wanaume wengine. Hakuna aliyemwita mwizi. Hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu mwizi ana majibu yake, na yeye hakuwa na majibu ya mtu anayeitwa mwanangu, njoo ule.

Siku ya kugawana vitu vya marehemu, wengine walipata vitenge, mmoja akapata jembe, mwingine sufuria. Mama Kasiana akamwita Ramson, akamkabidhi simu ya bibi, kiswaswadu cha vitufe vilivyofutika namba, kimefungwa kwa mpira wa ndala ili betri isidondoke. “Na wewe umemfukia,” akamwambia. “Hii ni yako. Laini iache kwanza humo, watu wasije wakampigia bibi wakamkosa.”

Hivyo ndivyo Ramson alivyorudi Songea kutoka kutafuta simu kubwa. Alikuwa hajafika hata kwenye benchi la Beda ilipoita.

“Anjelika!” ikasema sauti ya kizee, kwa furaha. “Mbona kimya, mwenzangu?”

Ramson alifungua mdomo. Zamani, mdomo ule ungeshaomba mchango wa jeneza. Ulikuwa hata umeanza kujipanga. Lakini alichosikia kikitoka ni, “Bibi, shikamoo. Bibi Anjelika hayupo tena. Tulimzika.”

Upande wa pili ukaanza kulia taratibu. Ramson akasimama kando ya barabara ya Majengo, bodaboda zikimpigia honi, akisema pole, pole sana bibi, aliondoka salama, watu walikuwa wengi, na tulicheka pia.

“Asante, mwanangu. Na wewe ni nani kwake?”

“Mimi mjukuu wake,” akajibu. Na yeye ambaye hajawahi kupotewa na hesabu ya uongo wake, hakujua kama hapo amedanganya.