Unga Uliokaimu Ukurugenzi

Kurugenzi ya Uhifadhi wa Nishati ina furaha kuutangazia umma kwamba uzembe umekomeshwa. Kwa mujibu wa Waraka Namba Saba, kila kilichomo katika jengo hili kitahudhuria kazini saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi alasiri. Mimi, Afisa Utumishi, ndiye mtunza daftari la mahudhurio. Sijisifu, lakini hata saa ya ukutani inaniogopa.

Waraka aliuandika Mkurugenzi mwenyewe, mtu mwenye uchungu na kazi. Aliongeza kwamba bosi asipokuwepo, atakaimu aliyekaa kazini muda mrefu zaidi bila kutoka. Na mtoro, awe nani, ataanza upya kama mtumishi wa majaribio chini ya Kaimu.

Usumbufu ulitoka chumba cha tanuri. Humo mtafiti tunayemwita Mama Tanuri huchoma unga wa madini wa kutengenezea betri, na unga huo unataka nyuzi joto mia tisa kwa saa thelathini mfululizo. Mara mbili nilizima tanuri saa kumi kamili, na mara mbili yakatoka mabonge yasiyoweza kuwasha hata tochi. Kilibaki kikombe kimoja cha unga. Huo nao ukiharibika, chumba kingegeuzwa stoo ya mapazia, na kazi yake ya miaka sita ingeishia hapo. Nilimwonea huruma, kwa kiwango kinachoruhusiwa.

Alikuja ofisini kwangu na vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi. Nikamweleza kwamba anayeweza kubaki baada ya saa kumi ni mtumishi mwenye kibali cha saa za ziada.

"Basi uajiri unga," akasema.

Nilipekua kanuni zote, hakuna iliyokataza. Tukajaza fomu. Mahali pa kuzaliwa: mgodini. Hali ya ndoa: umeshachanganywa. Tabia: kimya. Kwa kweli hatukuwahi kupata mwombaji mwenye sifa nzuri kiasi hicho. Saa tatu asubuhi ukaingia tanurini, nikausainia.

Mkurugenzi kwa kawaida huhudhuria kwa koti. Hulitundika kwenye kiti, kisha huelekea kwenye majukumu ya nje, nami hulihesabu. Siku ya pili koti lilikuwa kwa dobi. Kufika saa nne daftari halikuwa na ubishi: unga, saa ishirini na tano. Nikaandika barua ya uteuzi, nikaibandika kwenye mlango wa chumba cha tanuri.

Mkurugenzi alitokea saa saba, ameshiba, akakuta tanuri linawaka tangu jana, akaagiza lizimwe.

"Haiwezekani, mzee," nikamwambia. "Kumtoa Kaimu kazini kunahitaji saini ya Kaimu."

"Kaimu gani?"

Nikamwonesha barua. Akausoma waraka wake mara tatu akitafuta upenyo, lakini alikuwa ameuandika vizuri mno.

Saa tisa unga ulitoka salama. Mama Tanuri aliketi sakafuni akalia kwa furaha, nami nikatazama pembeni kikazi. Wiki iliyofuata betri yake ya kwanza iliendesha feni ya chumba kile kutwa nzima.

Mtumishi wa majaribio aliripoti saa mbili kasorobo. Mama Tanuri, ambaye sasa ni msemaji wa Kaimu, akamkabidhi glavu, ufagio na unga mpya wa kulinda.

"Karibu, mzee. Ukichoka sema, ila saa kumi hatuzimi."

Akaja kwangu kusaini daftari. Saini yake haikufanana na yoyote niliyowahi kuiona humo, ikabidi nimwombe kitambulisho.