Nyumba ya Matairi Kwenda Nyangoto

Jumatatu, 5 Julai 1993. Natta.

Namshukuru Mungu kwa kila mzungu anayechoka mapema. Kambi ya watalii niliyokuwa nikiilinda imefungwa. Mwenyewe kabla ya kuondoka alisema, atakayeweza kulivuta lile karavani lake kuukuu alichukue bure. Ni nyumba ya matairi mawili: vitanda, jiko, dirisha lenye pazia la maua. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Mimi nina shemeji mwenye pikapu.

Mpango ni huu. Kule Nyangoto, kwenye machimbo ya dhahabu, kimebaki kiwanja kimoja karibu na soko. Kamati imetangaza kwamba atakayekipata ni mtu ambaye jengo lake litakuwa limekamilika juu yake Jumamosi saa sita mchana. Mke wangu Tabitha amewapikia wachimbaji hapo hapo miaka miwili, chini ya turubai, mvua ikiingia kwenye maharage. Tukikipata, ana hoteli yake. Tukikikosa, hata turubai linang'olewa.

Jirani yetu Heche naye anakitaka. Anajenga kwenye pembe ya kiwanja hicho hicho. Ameshasimamisha nguzo tisa. Namhurumia Heche.

Jumanne, 6 Julai. Bado Natta.

Shemeji Wangwe, kaka yake Tabitha, ameleta pikapu kutoka kwake Nyamwaga. Amesema irudi kama ilivyo. Nimemwahidi itarudi ikiwa nzuri zaidi. Akapanda lori kurudi, uso wake haukuwa wa mtu aliyeamini.

Olima, aliyekuwa dereva wa kambi, alinipa somo refu. Karavani lina kikombe cha chuma mbele, pikapu ina kichwa cha mviringo nyuma, na kikombe lazima kikishike kichwa barabara, kisicheze. Pembeni ifungwe cheni, kikombe kikichomoka. Halafu kuna ule mtarimbo wa mbele unaoingia na kutoka: pikapu ikipunguza mwendo, karavani linaisukuma, mtarimbo unaingia ndani na kukaza breki za matairi ya karavani lenyewe.

Nilimsikiliza kwa heshima. Kisha nikamwambia nimelima na ng'ombe tangu nina miaka tisa. Ng'ombe akisimama, plau linasimama. Hakuna plau lenye breki. Olima akaenda kuleta cheni yake mwenyewe, akaifunga, akaivuta mara tatu kuijaribu.

Kikombe ni kikubwa kuliko kichwa. Nimejaza vipande vya tyubu. Kimekaa vizuri sana. Nashukuru kwa akili hii niliyopewa.

Jumatano, 7 Julai. Nyamisangura.

Kikombe kilichomoka. Ilikuwa baada ya daraja la Kirumi, kwenye shimo dogo tu. Cheni ya Olima ikalishika karavani, likaburuza pua yake chini hadi tukasimama. Abiria wa basi walishuka kutusaidia kuinua. Walidhani ni zahanati inayotembea. Wawili walitaka kupimwa malaria.

Nimeongeza tyubu. Kusema kweli ile tyubu ndiyo iliyotuokoa, maana bila yake kishindo kingekuwa kikubwa zaidi.

Nimefika hapa Nyamisangura, Tarime mjini, jioni. Tabitha amepanda kutoka Nyangoto kunipokea, tumelala kwa dada yake. Alilizunguka karavani mara tatu. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama kweli litafika. Nikasema hilo si swali la kuulizwa na mtu aliyeolewa na mimi.

Alhamisi, 8 Julai. Bado Nyamisangura.

Kelele! Safari nzima ya jana karavani lilikuwa likigonga, ko, ko, ko. Leo nimegundua sababu. Ni ule mtarimbo, unaingia na kutoka. Mkulima yeyote anajua: mnyororo wa plau ukilegea, mtaro unapinda. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia aukaze moja kwa moja.

Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mara ya tatu akaita watu wawili wa duka la jirani, akaniomba nirudie maneno yangu mbele yao. Nilirudia. Kachomelea. Kimya kabisa sasa. Nashukuru kwa mafundi waangalifu.

Habari za Nyangoto: Heche ameezeka nusu.

Ijumaa, 9 Julai. Nyamwaga, kwa shemeji.

Tumepanda mlima bila shida yoyote. Karavani lilitufuata kama ndama. Nilimwonyesha Tabitha jinsi lisivyogonga tena, naye akakubali kwamba haligongi.

Shemeji Wangwe alichuchumaa mbele ya mtarimbo kwa muda mrefu. Aliuliza ni nani aliyefanya hivi. Nikasema ni maboresho. Akamwita dada yake pembeni, akamsihi kesho ateremke kwa miguu. Tabitha akamjibu kwamba sufuria zake zote za hoteli, alizonunua Tarime, zimo ndani ya gari, na zinakokwenda sufuria zake ndiko anakokwenda. Nilijivunia sana. Wangwe hakula vizuri.

Jumamosi, 10 Julai. Nyangoto.

Tarehe ya leo nimeikosea mara mbili, kwa uchovu tu.

Mteremko wa kutoka Nyamwaga ni mrefu. Niliuanza na gia ya tatu, kwa sababu muda ulikuwa unakimbia. Kona ya kwanza nikakanyaga breki. Pikapu ilikubali. Karavani halikukubali. Lilitusukuma mgongoni, nyuma ya pikapu ikaanza kwenda upande, na upande huo kulikuwa na bonde. Tabitha hakupiga kelele. Alitaja majina ya watoto wetu kwa mpangilio wa kuzaliwa, akamaliza, akaanza upya. Mara ya tatu alipofika kwa Boke, wa mwisho, nikageuzia kwenye kichuguu. Kichuguu kikatupokea. Niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Saa tatu na nusu. Akatokea bibi mmoja, Mama Wegesa, anatoka kulima, ana ng'ombe wanne na plau. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza kitu hiki kimefungwa na nani. Nikamweleza habari ya ng'ombe na plau. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mura," akasema, ndivyo huku wanavyomwita kijana, "plau linasimama kwa sababu limezama kwenye udongo. Hili lako limezama wapi?"

Nikachungulia chini ya karavani kutafuta jibu. Hakulingoja. Aliwatumia ng'ombe kututoa kwenye kichuguu, akawaacha kwa jirani yake, akalifunga plau lake nyuma ya karavani kwa mnyororo, akaishika mikono miwili ya plau, akaniamuru gia ya kwanza. Tabitha akashuka, akaenda kukalia plau liweze kuzama. Hivyo ndivyo tulivyoteremka: mimi mbele, wanawake wawili nyuma, mmoja amekandamiza na mwingine amekaa, wakiilima barabara ya serikali. Kila karavani lilipotaka kukimbia, plau lililivuta shati. Mtaro umenyooka mpaka chini.

Tukafika saa sita kasoro robo. Heche alikuwa amemaliza paa lakini ukuta mmoja hauna udongo. Alilalamika kwamba kitu chenye matairi ni gari. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Erasto, akafikiri, akasema basi matairi yatoke. Wachimbaji waliokula maharage ya Tabitha miaka miwili waliacha koleo zao wakaja bila kuitwa. Wakaliinua, nikafungua matairi, wakaliweka juu ya mawe. Saa sita kasoro dakika nne.

Kiwanja kimeandikwa kwa jina la Tabitha. Alikaa kwenye ngazi ya karavani, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Sijawahi kumwona hivyo. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Wegesa, nawashukuru wachimbaji. Namshukuru hata Heche, aliyechelewa.

Jumapili, 11 Julai. Nyangoto.

Hoteli imefunguliwa baada ya ibada. Foleni imefika sokoni. Nilitaka kupita mbele kama mwenye mali, nikaambiwa nipange mstari. Nimeshukuru hata kwa hilo, maharage hayakuwa na maji ya mvua.

Jioni Heche amekuja kwa upole. Ana mashine ya kusaga mawe, iko Nyamwaga, amekosa mtu wa kuiteremsha. Ni chuma kitupu, wanaume kumi hawaisogezi. Nimekubali papo hapo. Matairi ya karavani ninayo, hayana kazi. Nitaunda tela.

Mama Wegesa amesikia, amesema kwa mzigo huo nitahitaji maplau manne. Nimemjibu kwa adabu kwamba hajaelewa chanzo. Karavani lilikimbia kwa sababu ni jepesi. Kitu kizito hakina haraka.

Wangwe ameirudisha pikapu kwake Nyamwaga, na Tabitha anasema kaka yake ameuficha ufunguo. Nashukuru kwamba haikuwa habari mbaya zaidi. Kutoka uani kwa Wangwe hadi hapa ni mteremko mtupu, na kuteremka hakuhitaji ufunguo. Kesho naondoka alfajiri kupanda Nyamwaga na matairi yangu.