Kitunguu Kinachodunda

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimejiteua kuwa meneja wa mpwa wangu. Mwenyewe hajajua bado. Mambo makubwa huanza hivyo.

Mpwa ni binti wa dada yangu. Amekaa kwetu tangu amalize chuo cha kompyuta, na chumba cha nyuma ya saluni yangu ndicho ofisi yake, kati ya pipa la maji na kiti kibovu cha kunyolea. Anatengeneza gemu. Shujaa wake si askari, si gari, si simba. Ni kitunguu. Kitunguu maji chekundu, chenye macho mawili na majani matatu utosini. Kimewekwa juu ya kibao, kisu kinakuja, nacho kinaruka. Lazima kivuke jiko zima, sufuria kwa sufuria, mpaka dirishani, kijirushe bustanini kikaote tena. Kila kikianguka kinapoteza ganda. Maganda yakiisha kisu kinakipata, na skrini nzima inaingia ukungu, kana kwamba mchezaji analia.

Nilimshauri akiwekee kitunguu masharubu kama yangu. Akasema atalifikiria. Hiyo ni hapana iliyopakwa asali.

Jumamosi kuna maonyesho ya gemu katika ukumbi wa maktaba. Mshindi anapata nafasi ya mwaka mzima kwenye karakana ya watengeneza gemu, na walimu juu yake. Baba yake, yaani shemeji yangu muuza saruji, ameshatoa neno: asiposhinda, Jumapili anarudi nyumbani kukaa dukani. Shemeji hachezi na maneno. Hachezi na chochote. Tangu amwoe dada yangu sijawahi kuyaona meno yake.

Mpwa hajalalamika hata kidogo. Ila jioni nimemkuta anakitazama kitunguu bila kubonyeza kitu, na chai yake imepoa kandoni.

Ndiyo maana nimejiteua.

Jumanne, 5 Machi

Majaribio. Nimewaamuru wateja wote wacheze wakisubiri zamu zao.

Matokeo ni msiba. Kitunguu kizito mno. Kinaruka kama gunia la saruji. Mwalimu wa hesabu aliacha zamu yake ipite, kisha ikapita tena, na hakutoka kwenye kibao. Fundi bomba alifika kwenye sufuria ya kwanza, akateleza, akasema jiko lake la nyumbani lina huruma zaidi. Wote waliondoka na skrini ikiwa na ukungu.

Nikamwuliza mpwa kulikoni. Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemfunga mtoto viatu. Alipima kitunguu halisi. Uzito wake, namna kinavyobingirika, namna kinavyodunda kikianguka sakafuni. Kila kitu kinafuata maumbile. Kitunguu huanguka hivyo duniani.

Nikamwambia duniani tunaishi tayari, watu hucheza gemu ili watoke kidogo. Nadhani nilisema jambo la maana. Niliandike hapa kabla halijanitoka.

Habari mbaya zaidi: mtoto wa Marashi naye amepeleka gemu. Marashi ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Humpulizia kila mteja manukato mpaka nzi wa mtaa wetu wamehama. Kaninyang'anya wateja wangapi kwa chupa ile! Sasa anataka na maonyesho pia. Lazima nijue gemu la mwanawe likoje.

Jumatano, 6 Machi

Nimepeleleza. Kishujaa, ingawa kwa hasara.

Mpango ulikuwa rahisi. Nilivaa kofia na miwani ya jua, nikaingia kwa Marashi kama mteja wa kawaida, nikaketi kwenye kiti kinachotazama kompyuta ya mwanawe. Marashi akanisalimu kwa jina la utani la tangu shuleni. Nikajifanya hamnazo.

Gemu lao ni la magari. Yanang'aa, muziki unagonga kifua, taa kila mahali. Nilikazia macho skrini. Marashi akawa ananiuliza maswali huku wembe ukipita, nami nikawa naitikia kila swali ili asinishtukie. Ndiyo. Sawa. Vizuri. Endelea.

Nilipogeukia kioo, masharubu hayakuwapo.

Masharubu ya miaka yote ile! Marashi akasema aliuliza na nikakubali, na mwanawe ni shahidi. Kisha akanipulizia.

Nyumbani, mke wangu alinitazama, akauliza mgeni ametokea wapi. Nikasema ni mimi. Akasema alidhani ni ndugu yangu mdogo, yule mwenye akili.

Lakini taarifa ninazo. Gemu la Marashi linang'aa, ila halichekeshi. Nimempa mpwa ripoti. Alijaribu kusikiliza kwa heshima. Mabega yalikuwa yanamtetemeka.

Alhamisi, 7 Machi

Wazo jipya. Wao wana taa na muziki. Sisi tutakuwa na kitunguu hai.

Mke wangu hushona sare za shule. Nimemwomba anishonee vazi la kitunguu la kitambaa cha pazia chekundu, lenye maganda manne ya kuvuliwa moja baada ya jingine. Akasema ana sare arobaini za kumaliza. Nikasema hatima ya mtoto wa dada iko mikononi mwake. Akauliza kama mpwa ameliomba vazi hilo. Nikasema meneja haombwi, hutangulia. Akanitazama usoni, pale yalipokuwa masharubu, nadhani akanihurumia. Akachukua futi.

Vazi ni zuri ajabu. Tatizo ni upana. Aliweka pamba nyingi tumboni, mahali ambapo kwa maoni yangu haikuhitajika. Yeye anasema hakuweka pamba yoyote tumboni.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya siri.

Mpwa alitoka kwenda kununua waya wa kuunganisha skrini. Kompyuta aliiacha wazi. Nilienda kupangusa vumbi tu, naapa. Kwenye skrini palikuwa na maneno na namba. Aliyaandika kwa lugha inayoeleweka, mtoto mwenye adabu. Uzito, namba. Utelezi, namba. Mdundo wa vitu, kisha sifuri, na mbele yake mbili, na katikati yao kidoa cheusi kidogo.

Nilidhani ni uchafu wa nzi. Nikapangusa. Hakikutoka. Nikatia mate kitambaani, nikapangusa tena. Hakikutoka. Ndipo nilipoelewa kwamba kidoa kimo ndani. Kwenye kazi ya mpwa wangu, siku moja kabla ya maonyesho, kuna uchafu!

Nikakifuta kwa kitufe. Kompyuta ikauliza kama nihifadhi. Swali la heshima. Nikakubali.

Mpwa alirudi amechoka, akafunga kompyuta bila kuitazama. Akasema hataigusa mpaka kesho, maana anaogopa kuharibu kitu dakika za mwisho. Nikamwambia hiyo ndiyo busara. Kisha akaniuliza kama nadhani atashinda. Nikasema hilo halina shaka. Akasema yeye hana hakika, na kwamba saruji si kazi mbaya, ila akiwa kati ya magunia yale huwa hawazi kitu. Kichwa kinakaa kimya tu.

Nikampa nusu ya chapati yangu, ile kubwa.

Jumamosi, 9 Machi

Ushindi. Nitaandika kwa utaratibu, ingawa mkono unataka kukimbia.

Kwanza, mlango wa maktaba. Vazi lilikwama. Walinzi wawili walinisukuma kwa nyuma huku mkutubi akinivuta kwa mbele na kuniomba nisipige kelele. Nikaingia.

Pili, Marashi. Alikanyaga mkia wa vazi langu, anasema kwa bahati mbaya. Mimi nilikuwa natembea. Ganda la kwanza likabaki chini ya kiatu chake, likavuta la pili, la pili likavuta la tatu, la tatu likavuta la nne. Nilifika kwenye meza yetu nikiwa na fulana na majani matatu kichwani. Watu walipiga makofi. Walidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Nikainama mara mbili.

Tatu, waamuzi. Mkuu wao ni mama mhadhiri mwenye miwani ya mnyororo. Alikuwa amelipitia gemu la magari akipiga miayo. Nyuma yao alisimama shemeji, mikono kifuani, viatu vyeupe kwa vumbi la saruji. Aliponiona na majani yale, alitazama pembeni.

Mpwa akaeleza kwamba katika gemu lake kila kitu kinafuata kanuni za maumbile. Kisha akabonyeza.

Kitunguu kikaruka, kikagonga dari. Kikarudi, kikagonga sufuria. Sufuria ikaruka, ikagonga dari. Mifuniko ikafuata. Kijiko kikapiga birika, birika likapiga kisu, kisu kikazunguka angani na kwenda kujichoma kwenye sabuni. Jiko zima likawa linadunda, na kitunguu katikati kimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kila kikidunda kinazidi kwenda juu.

Mpwa aligeuka rangi. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama paa la ukumbi, ambalo limejengwa vizuri sana.

Ndipo tukasikia sauti nyuma, kama gunia linaburutwa kwenye sakafu. Kila mtu aligeuka. Alikuwa shemeji. Alikuwa anacheka. Meno anayo, tena yana mwanya mzuri. Alijishika mbavu, akaegemea rafu ya vitabu, na ukumbi wote ukaambukizwa.

Mpwa alimtazama baba yake muda mrefu. Kisha akawaomba waamuzi dakika tano. Akaketi. Vidole vilienda kama mvua. Nikamnong'oneza kama anakirudisha kile kidoa. Akasema, bila kunitazama, "Nairudisha nukta, Mjomba. Lakini siirudishi ilipokuwa."

Alipomaliza, lilikuwa gemu jingine. Kitunguu kilidunda, lakini kilisikia amri. Sufuria zilikirusha ukizipatia, zikakutupa kwenye sinki ukizikosea. Kisu alikifanya kizito, hakidundi kabisa, kinakuja tu polepole, na hiyo ilitisha zaidi. Sasa watu walijifunza. Walianguka, wakacheka, wakadai zamu nyingine.

Mama mhadhiri alicheza. Akaanguka. Skrini ilipoingia ukungu alivua miwani akaipangusa, akavaa, akaipangusa tena. Alipogundua ni gemu, alisema mara moja tu zaidi. Alisema hivyo mara nyingi. Waamuzi wenzake walimwondoa kwa maneno matamu.

Kisha shemeji akasogea. Akaweka vidole vyake vinene kwenye vitufe. Alianguka kwenye kibao, akaanguka kwenye mfuniko, akabaki na ganda moja. Mpwa alisimama nyuma yake ameuma kidole. Shemeji akavuta pumzi, akakirusha kitunguu kutoka kwenye birika mpaka ukingo wa dirisha, kikayumba, kikayumba, kikatoka nje. Kikatua kwenye udongo. Jani jipya likachomoza.

Tukangoja. Hatimaye akamgeukia binti yake, akasema ule udongo ni mkavu, angeumwagia maji kidogo kabla ya jani kutoka.

Mpwa akasema, "Ndiyo, Baba. Nitaweka." Akaanza kulia, bila ukungu wa kompyuta.

Tulishinda. Mtoto wa Marashi alipata wa tatu, na muziki wake ulisifiwa. Marashi alikuja kunipa mkono. Nikampokea kwa ukarimu wa mshindi, nikiwa na fulana.

Tukirudi, mpwa aliniuliza nani aligusa namba zake. Nikasema huenda nzi. Akacheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Kisha akanishika mkono, akasema nilikaribia kumwangamiza, na kwamba nimemsaidia, na kwamba mambo yote mawili ni kweli. Akanisihi: "Mjomba, usiguse usichokijua. Uliza kwanza." Nikala kiapo kwa mkono wa kulia.

Jumatatu, 11 Machi

Mpwa amehamia karakana asubuhi. Shemeji alimbebea begi mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Chumba cha nyuma kiko kimya. Nimeingia mara kadhaa kutafuta kitu ambacho sikukumbuka ni kipi.

Ila saluni imejaa! Mpwa ametuachia gemu, na wateja wanapanga foleni hadi nje. Nimewasimulia namna nilivyogundua siri ya nukta kwa utafiti. Kufikia mchana nilikuwa nimeligundua na jiko pia. Fundi bomba aliuliza kama kitunguu chenyewe kilikuwa wazo langu. Sikutaka kumkatisha tamaa.

Maneno ya mpwa nimeyatafakari sana. Mtu asiguse asichokijua. Ni hekima kubwa, na laiti watu wengi wangeifuata.

Jambo dogo tu la mwisho. Kwa wingi huu wa watu, feni ya saluni imeanza kuzunguka kwa uvivu. Feni si kompyuta, feni naijua tangu utotoni. Nimeishusha na kuifungua. Ndani kuna nyaya tatu. Kwa maoni yangu, mbili zinatosha.