Malalamiko Kuhusu Askari wa Redio Mliyemfyatua Upya

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Vitu vya Kuchezea vya Plastiki.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umekaa, maana ni ndefu kidogo. Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka arobaini na tisa nimetunza askari wa plastiki wa kijani waliotoka kiwandani kwenu, pamoja na vifaru viwili na jipu moja lisilo na usukani. Marehemu baba alitununulia mimi na mdogo wangu. Askari walikuwa ishirini na wanne. Sasa ni ishirini na watatu, na hapo ndipo penye kidonda.

Aliyepotea ni askari wa redio, yule aliyepiga goti huku ameshika simu sikioni. Nilimshutumu mdogo wangu kwamba kamwiba, akakana, tukanuniana. Tulikuwa watoto. Tumeendelea kununiana mpaka tumeota mvi, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Sasa mmeiokota kalibu ya zamani kwenye stoo yenu na kuwafyatua upya askari wale wale. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkuniuliza. Askari hawa nimewaheshimu kuliko jamaa zangu wengi. Mke wangu ni shahidi, ingawa yeye hulieleza jambo hili kwa maneno mengine.

2. Askari wenu wapya wanasimama. Wangu wakipitiwa na upepo wa feni huanguka kikosi kizima, na miaka yote nimewaeleza wageni kwamba huo ndio uhalisi wenyewe. Juzi jirani yangu kinyozi kanunua pakiti nzima, kawapanga mbele ya kioo cha saluni. Hajaanguka hata mmoja tangu Jumatatu. Wateja wake wameanza kunisalimia kwa sauti ya pole.

3. Mhuri wa toleo jipya mmeuweka chini ya kitako cha askari, mdogo kama chawa. Mpaka mtu ampindue ndipo ajue. Naomba uhamishiwe kwenye paji la uso.

4. Hili ndilo kubwa. Jumapili iliyopita mdogo wangu alikuja kwangu, akabisha hodi mwenyewe. Alitoa mfukoni askari wa redio, akaniita kaka, akasema yule wa zamani hakumchukua, lakini nimpokee huyu ili yaishe. Nilichukua lenzi, nikampindua askari, nikauona mhuri wenu. Nikamwambia feki haikai katika nyumba hii. Alimweka askari dirishani, akaaga vizuri, akaondoka bila kunywa chai aliyoandaliwa. Niliumia sana, Ndugu Meneja, na kwa uchungu huo nikamtupa askari kwenye pipa, na lori la taka likapita asubuhi yake. Ona jinsi kiwanda chako kilivyovunja familia ya watu.

5. Jeshi lisilo na redio halipokei amri. Kwa miaka arobaini na tisa vifaru vyangu vimeelekeza mizinga bafuni kwa sababu hakuna aliyeviambia vigeuke. Hiyo ndiyo historia, nanyi mnaichafua kwa kumgawa askari wa redio ovyo, hata kwa watoto, ambao nasikia wanamchezea.

Kwa hiyo naomba kalibu ivunjwe mbele ya mashahidi, mimi nikiwemo. Askari wote wapya warudishwe kutoka madukani, saluni na chini ya vitanda vya watoto. Kila mtoto atakayenyang'anywa apewe barua rasmi ya maelezo, nakala ya mfano nimeambatanisha. Nisipojibiwa ndani ya siku kumi na nne nitaandika kwa wakuu wa jeshi, maana suala hili ni lao.

Nisalimie wafanyakazi wote, hasa mafundi wa kalibu, na uwaambie sina kinyongo nao. Mimi si mtu wa kinyongo.

Wako mtiifu,
Karani Mstaafu wa Masjala

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, fundi seremala alikuja kukaza rafu za kabati ninamowaweka askari. Kabati hilo lilikuwa la baba. Alipochomoa droo ya chini, aliniambia kuna kitu kimekwama nyuma yake. Ni askari wa redio, bado kapiga goti, simu sikioni. Ufunguo wa droo ile, tangu utotoni, nilikuwa nao mimi peke yangu.

Mke wangu ameshampigia simu shemeji yake, yaani mdogo wangu. Anakuja Jumapili, na najua atamuulizia yule askari aliyeniletea. Kwa hiyo kalibu msiivunje. Tafadhali nitumieni haraka askari wa redio mmoja, mpya kabisa, na mhuri wake uwe unasomeka vizuri. Mdogo wangu naye ana tabia ya kupindua vitu aone chini.